Hisa za migodi kwa muda mfupi: mwongozo kwa aliye Lamu

Dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa aunsi mwezi Machi 2025, na kufika Oktoba mwaka huohuo ikavuka 4,000. Tangu hapo maswali kuhusu hisa za migodi hayaishi hapa mjini, kuanzia barazani Mkunguni mpaka kwa vijana wa maboti kule Shela. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu mwenye akiba kidogo ya msimu wa wageni, simu nzuri, na nia ya kununua hisa na kuiuza baada ya siku au wiki chache. Anayetaka kuweka pesa miaka kumi aufunge tu, hautamfaa.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote: kabla hujabonyeza kununua, uwe unajua ukikosea utapoteza shilingi ngapi. Asiyejua hilo, hata akipata mara tano mfululizo, ya sita itachukua zote. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida wanaocheza na CFD, mikataba ya kubashiri bei bila kumiliki hisa, hupoteza pesa. Hao ni watu wenye intaneti ya kasi na umeme usiokatika.

Hatua ya kwanza: elewa kwamba mgodi na madini ni vitu viwili

Bei ya dhahabu tunaweza kuihesabu wenyewe. Aunsi ya madini ni gramu 31.1. Ikiwa aunsi ni dola 4,000 na dola ni shilingi 130, gramu moja ya dhahabu safi ni kama shilingi 16,700, na ya karati 22 ni kama 15,300 kabla ya ujira wa sonara. Hesabu hiyo ni ya madini peke yake. Kampuni ya mgodi ina mambo mengine: mishahara, dizeli, madeni, serikali, mvua, na wakurugenzi.

Tuseme kampuni inatumia dola 1,500 kuchimba aunsi moja, na soko linalipa 2,000. Faida ni 500. Dhahabu ikipanda asilimia 10 tu, ikawa 2,200, faida inakuwa 700, yaani imepanda asilimia 40. Ndiyo maana hisa za migodi huruka kuliko dhahabu yenyewe, na ndiyo maana watu wa muda mfupi wanazipenda. Igeuze sasa: dhahabu ikishuka asilimia 10, faida inabaki 300. Kampuni yenye gharama kubwa hutikisika zaidi kuliko yenye gharama ndogo, kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta katika ripoti ya robo mwaka ni gharama yao kamili kwa kila aunsi.

Halafu kuna mambo ambayo bei ya madini haihusiki nayo kabisa. Wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali. Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini ambao haujasafishwa, na Acacia, iliyokuwa ikichimba Bulyanhulu na kuorodheshwa London na Dar es Salaam, ikaporomoka. Julai ikaletewa dai la kodi la dola bilioni 190. Dhahabu yenyewe ilipanda mwaka ule! Aliyenunua Acacia akidhani amenunua dhahabu aliumia huku dhahabu ikimpita. Mwaka 2019 Barrick, kampuni kubwa ya dhahabu ya Canada, waliinunua yote, na jina likafutika sokoni.

Mfano wa karibu zaidi ni Freeport-McMoRan, kampuni ya shaba ya Marekani. Septemba 2025 tope lilivamia mgodi wao wa Grasberg, Indonesia, wachimbaji wakafa. Kampuni ilipotangaza kwamba haitaweza kutimiza mauzo yake, hisa zilianguka kama asilimia 17 kwa siku moja. Shaba duniani ikapanda siku hiyohiyo kwa sababu ileile, na hisa za kampuni nyingine za shaba zikapanda nayo. Kwa hiyo ukitaka madini bila balaa la mgodi mmoja, nunua mfuko unaouzwa sokoni wenye kampuni nyingi. Ukitaka kampuni moja, jua kwamba unabeba na mabwawa yake ya tope la mabaki ya mgodi, wafanyakazi wake, na siasa za nchi ilipo.

Hatua ya pili: tenganisha wachimbaji na watafutaji

Kampuni kubwa kama Newmont, BHP, Rio Tinto, Glencore, au AngloGold Ashanti wenye Geita, zinauza madini kila siku. Kampuni changa za utafutaji hazina cha kuuza ila matumaini na sampuli za mwamba. Tofauti hii ndiyo inayomaliza mitaji ya watu wengi, kwa kuwa hisa ya senti ishirini inaonekana rahisi kwa mwenye pesa ndogo.

Sisi wa Pwani tuna somo letu wenyewe. Tiomin ya Canada ilikuja ikizungumzia mchanga mzito wenye titani wa Kwale, pamoja na wa Mambrui, hapo kaskazini mwa Malindi. Yalitoka matangazo, ikaja migogoro ya ardhi na mazingira, miaka ikapita. Mradi wa Kwale ulinunuliwa na Base Resources ya Australia mwaka 2010, shehena ya kwanza ikaondoka Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Muda wote huo hisa ziliuzwa ng'ambo, hazikuuzwa Nairobi hata siku moja. Kati ya tangazo la kwanza na meli ya kwanza mtu angeweza kuzeeka. Mfanyabiashara wa wiki mbili hana haja na mradi kama huo ila siku ya tangazo, na siku ya tangazo mara nyingi waliotangulia ndio wanaouza.

Sampuli zenyewe zinaweza kudanganya. Bre-X, nayo ya Canada, ilifika thamani ya zaidi ya dola bilioni 6 za Canada kwa dhahabu ya Busang, Indonesia, ambayo haikuwepo. Sampuli zilikuwa zimetiwa vumbi la dhahabu. Mwaka 1997 ikawa haina thamani.

Ushauri wangu hapa ni mkali na sitaulegeza: mwaka wako wa kwanza usiguse kampuni ya utafutaji. Hisa zao hazina wanunuzi wengi, siku ukitaka kutoka hakuna anayekupokea, na kampuni ikiishiwa pesa hutoa hisa mpya kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia wewe.

Hatua ya tatu: soko na dalali

Soko la Hisa la Nairobi ni letu, lakini kwa kazi hii halitoshi. Hakuna mgodi wa dhahabu wala wa shaba ulioorodheshwa pale. Zipo kampuni za mazao, chai na parachichi kama Kakuzi, Sasini na Williamson Tea, na upo mfuko wa NewGold ulioingia 2017, unaofuata bei ya dhahabu, kila kipande kikiwa karibu sawa na sehemu moja ya mia ya aunsi. Tatizo ni gharama na uchache wa wanunuzi. Kwa muamala mdogo ada zote hukaribia asilimia 2 kununua na 2 nyingine kuuza. Yaani hisa ipande asilimia 4 ndipo urudi ulipoanzia, na bei ya hisa moja hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Pesa ya mauzo hukufikia siku tatu za kazi baadaye. NewGold kwa miaka kadhaa ni sawa. Kwa wiki mbili, hesabu haikubali.

Basi utajikuta unatafuta dalali wa nje au dalali wa mtandaoni mwenye leseni ya Kenya. Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Ingia tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na utafute jina la kampuni katika orodha ya wenye leseni. Jina lifanane herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda kuongeza neno moja. Kama dalali ni wa nje, tafuta msimamizi wa nchi yake na uhakikishe vivyo hivyo. Kisha weka kiasi kidogo, fanya muamala mmoja, na utoe pesa zote zirudi benki au kwenye simu. Usiweke akiba yako kabla hujaona pesa zikirudi. Kijana mmoja ninayemfahamu, wa mtaa wa Langoni, aliruka hatua hiyo. Salio lake lilikuwa likipanda vizuri kwenye skrini, na siku ya kutoa akaambiwa alipe kwanza kodi. Hakuna dalali halali anayedai utume pesa ili upewe pesa zako.

Na yeyote wa kundi la simu anayekuahidi asilimia kumi kwa wiki, au anayetaka umpe nywila akufanyie, mfute.

Uliza pia swali hili moja: ninanunua hisa yenyewe, au CFD? Kwenye CFD humiliki chochote. Mnakubaliana na dalali kulipana tofauti ya bei, na yeye anakupa levereji, nguvu ya mkopo, ili shilingi 10,000 zako zibebe muamala wa 100,000 au zaidi. Kwa levereji ya mara kumi, hisa ikishuka asilimia 10 umemaliza kila kitu. Na hisa za migodi hushuka asilimia 10 bila hata habari kubwa. Nunua hisa yenyewe, kwa pesa yako yenyewe. Fyucha za mafuta na madini, yaani mikataba ya kununua au kuuza siku za mbele kwa bei ya leo, ziache kabisa: tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ya Marekani ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri, na walioushika walidaiwa zaidi ya walichoweka.

Hatua ya nne: upande wa dini

Lamu swali hili huja kabla ya swali la faida, na ni haki yake. Mimi si sheikh, na hukumu utaichukua kwa mwenye elimu unayemwamini. Lakini ili akujibu vizuri lazima umpelekee maelezo kamili, kwa hiyo haya ndiyo ya kumweleza.

Mweleze kwanza kama unamiliki hisa au ni CFD, kwa sababu suala la kuuza usichomiliki linaingia hapo. Mweleze kwamba kwenye akaunti nyingi za CFD ukilala na muamala unatozwa riba ya usiku. Zipo zinazoitwa akaunti za Kiislamu zisizo na riba hiyo, ila baadhi huweka ada ya kila usiku mahali pake. Mwonyeshe karatasi yenyewe ya ada, usimpe jina tu la akaunti. Mweleze deni la kampuni: kipimo cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotunga viwango vya fedha za Kiislamu, ni kwamba deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Migodi mingi mikubwa huwa chini ya hapo bei za madini zikiwa juu, lakini angalia kila robo mwaka, kwa kuwa hisa ikishuka uwiano unapanda wenyewe.

Na utofautishe hisa ya mgodi na dhahabu. Kubadilishana dhahabu kuna sharti lake la mkono kwa mkono, lililomo katika hadithi ya Ubada bin Samit. Mifuko inayofuata bei ya dhahabu inahitaji kujulikana kama kweli kuna dhahabu ghalani na ni ya nani. AAOIFI walitoa kiwango maalumu cha dhahabu mwaka 2016, na maalim anayefuatilia mambo ya fedha atakuwa anakijua.

Hatua ya tano: saa

New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba. Miezi mingine ni saa kumi na moja na nusu. Hufungwa saa tano usiku, au saa sita. London huanza saa nne asubuhi, au saa tano wakati wa baridi yao. Johannesburg ni saa nne hadi saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Australia iko usiku wetu wa manane hadi asubuhi, iache.

Nusu saa ya kwanza New York bei hurushwa huku na kule, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa pana. Usinunue wakati huo. Kuanzia Novemba, Maghrib inaingia soko likiwa limefunguliwa kwa nusu saa hadi saa moja hivi, na nimeona watu wakichelewesha swala kwa ajili ya chati. Hakuna haja. Weka oda yako yenye bei ya mwisho unayokubali kununua, pamoja na oda ya kukata hasara, ile inayouza yenyewe bei ikishuka hadi uliyoiweka, kisha ondoka. Oda ya kukata hasara ikae kwa dalali, isikae kichwani mwako, maana umeme ukikatika na mtandao ukienda nao, soko halikungoji.

Kuna siku za kukaa pembeni. Takwimu za mfumuko wa bei za Marekani hutoka saa tisa na nusu alasiri, saa kumi na nusu wakati wa baridi. Uamuzi wa riba wa benki kuu yao hutoka saa tatu au saa nne usiku. Riba ikitarajiwa kupanda, dola hupata nguvu na dhahabu kwa kawaida hulegea. Jumatano jioni kuna ripoti ya akiba ya mafuta. Kampuni nayo ina tarehe ya kutoa matokeo. Iandike, na usilale na hisa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hatua ya sita: hesabu, kabla ya kununua

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua daftari la kawaida. Tuseme mtaji wote ni shilingi 100,000, ambazo zikipotea nyumbani watakula na karo italipwa. Kama sivyo, simama hapa.

Amua hasara ya juu kwa muamala mmoja ni asilimia 1, yaani shilingi 1,000. Umeona hisa ya kampuni ya shaba, dola 20. Katika wiki tatu zilizopita imeshuka mara mbili hadi karibu 19 na kurudi juu, kwa hiyo ikivunja hapo wazo lako limekosea. Unaweka kukata hasara kwa 18.80. Umbali ni dola 1.20, na dola ikiwa 130 ni shilingi 156 kwa kila hisa. Gawa 1,000 kwa 156. Unapata hisa sita. Hisa sita ni shilingi 15,600, na hasara ukikosea ni 936, na ada juu yake.

Watu huniambia sita ni kidogo mno. Wanataka kununua za 100,000 zote. Basi wafanye hesabu ya siku mbaya. Oda ya kukata hasara haikulindi soko likifungwa usiku na kufunguliwa chini zaidi. Bwawa la tope la Vale, kampuni ya madini ya chuma, lilipopasuka Brumadinho, Brazil, tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270, ilikuwa Ijumaa na soko la São Paulo lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Jumatatu hisa ilishuka karibu robo ya thamani yake. Hakukuwa na bei ya katikati ya kumtoa mtu. Kwa hisa sita, robo ya dola 20 ni shilingi 3,900. Kwa mtaji wote, ni 25,000 kwa asubuhi moja.

Kabla ya kununua andika pia utatoka wapi ukipatia. Mimi sipokei muamala ambao faida inayotarajiwa haifiki mara mbili ya hasara: hapa ni dola 22.40 kwenda juu. Na andika siku ya mwisho. Hisa isipokwenda kokote kwa siku kumi za soko, uza, hata kama haijakutia hasara.

Usiongeze pesa kwenye hisa inayoshuka ili kupunguza wastani wa bei. Na usishike kampuni tatu za dhahabu ukadhani umegawa hatari. Tarehe 21 Oktoba 2025 dhahabu ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, na migodi ya dhahabu ilianguka pamoja. Hasara zote za madini ya aina moja zihesabu kama muamala mmoja.

Shilingi nayo ina neno. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa zaidi ya shilingi 160. Kufika mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Aliyekuwa na hisa iliyosimama palepale kwa dola alipoteza karibu moja ya tano kwa shilingi. Angalia bei ya kubadilisha siku ya kuingiza pesa na siku ya kutoa, na uandike zote mbili.

Hatua ya saba: daftari baada ya kuuza

Mstari mmoja kwa kila muamala: tarehe, kampuni, sababu ya kununua kwa maneno machache, bei ya kuingia, ya kukata hasara, ya kutoka, ada, na faida au hasara kwa shilingi. Ongeza safu ya mwisho: nilifuata mpango, ndiyo au hapana. Safu hiyo ndiyo utakayojifunzia zaidi, kwa sababu itakuonyesha kama pesa inapotea kwa sababu ya soko au kwa sababu ya mkono wako.

Ikifika miamala thelathini, jumlisha. Kama umepata baada ya ada zote, endelea na asilimia 1 ileile kwa thelathini nyingine. Kama umepoteza huku safu ya mwisho imejaa ndiyo, njia yako ya kuchagua hisa ndiyo mbovu, ibadilishe ukijaribu kwa akaunti ya mazoezi. Kama umepoteza na safu imejaa hapana, toa pesa iliyobaki irudi benki, na usirudi sokoni mpaka miezi mitatu ipite.